Kula kwa Wakwe, Busan

Watu wa Likoni wakiniuliza nilifuata nini Korea katika umri huu, huwajibu kwamba nilikwenda kumtazama binti yangu Zuhura, na si uongo. Lakini hasa nilifuata chakula. Nilitaka kuketi nyumbani kwa wakwe zake, nile mbele yao mpaka waseme wenyewe kwamba mzee huyu amekula, kabla mmoja wetu hajatangulia mbele ya haki.

Zuhura aliolewa na kijana wa Kikorea, mhandisi aliyekuja Mombasa kwa kazi za bandarini. Alisilimu, akajiita Yusufu, akaja kuposa kwa adabu zote. Mimi nilitaka mwanangu aolewe Mtongwe, au ikizidi sana Kisauni, mahali ninapoweza kupiga hodi nikishikwa na homa. Nilikubali kwa mdomo tu. Siku ya harusi, nilipomaliza kuozesha, ilikuwa niketi sebuleni na wazazi wa Yusufu tule watatu sinia moja, kwa kuwa walitoka mbali na hawakuzoea karamu zetu za wanaume huku na wanawake kule. Marehemu mke wangu aliwapakulia pilau kwa mkono wake. Nikasema kichwa kinaniuma, nikatokea mlango wa uani, nikaenda kukaa kwa rafiki yangu Mtongwe mpaka magharibi.

Niliporudi mke wangu aliniambia, "Wageni hawakula."

Nikamjibu, "Si nilikwambia? Wanatuona wachafu."

Kesho yake wageni wakasafiri, na mimi nikabaki na jibu langu hilo, nikalitunza miaka. Kila nilipoanza kuona haya kwa kuisusa pilau ya harusi ya mwanangu, nilijikumbusha kwamba hata wao hawakuigusa. Kisha mke wangu akafariki, nyumba ikawa kimya, na jibu langu likaanza kunichosha. Basi Zuhura aliponipigia simu mwezi wa Novemba, akasema, "Baba, huku ni msimu wa kutengeneza kimchi, achari yao ya kabeji, jamaa wote hukutana, na baba mkwe ameuliza kama utakuja," sikumwacha amalize. Nikamwambia nakuja.

Asubuhi ya kuondoka, dada yangu Mwanajuma alikuja na mahamri na kichupa cha achari ya ndimu. Alinikuta nimevaa koti nililonunua mitumba ya Kongowea juu ya kanzu yangu.

"Jamani kakangu! Koti hilo lilikuwa la nani, bondia?"

"Huko kuna baridi, Mwanajuma."

"Baridi si kitu. Mimi naogopa ulimi wako na tumbo lako." Akaniwekea mahamri mkobani, halafu akanishika mkono. "Nisikize. Wallahi ukiwasusia watu wale chakula mara ya pili, usirudi Likoni. Kaa huko huko na theluji yako."

Tulikwenda uwanja wa ndege kwa barabara ya Dongo Kundu. Zamani, nilipokuwa nikifanya kazi kwenye matangi ya mafuta Changamwe, safari hiyo ilikuwa ya kivuko asubuhi na kivuko jioni, na mke wangu alijua nimevuka kwa harufu ya dizeli iliyonitangulia mlangoni. Sasa gari linapita juu ya madaraja mapya, mikoko iko chini kimya, na hata kabla sijamaliza kumkumbuka tulikuwa tumefika.

Seoul nilifika baada ya Nairobi na Dubai, nimekufa ganzi miguu. Zuhura alinipokea. Alikuwa amenenepa kidogo na anatembea haraka kama mamake. "Shikamoo Baba," akasema, akanikumbatia, na hatukulizungumza la harusi. Hajawahi kulizungumza tangu siku ile, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kama angenitukana.

Siku iliyofuata alinipeleka kwenye kasri la wafalme wao wa kale. Ni ua baada ya ua, na mapaa yenye kingo zilizopinda juu, yamepakwa kijani na nyekundu, na nyuma yake mlima mtupu wa mawe. Vijana wamejaa humo wamevaa mavazi ya mababu zao, sketi pana za hariri na kofia nyeusi zenye ukingo mpana. Zuhura alinieleza kwamba anayevaa vazi la asili huingia bure. Mimi nikanyoosha kanzu yangu, nikaweka kofia sawa, nikaenda langoni kifua mbele. Mlinzi alinitazama kutoka kofia hadi viatu, akainama kwa heshima, akanionyesha dirisha la tiketi.

"Baba, vazi la asili yao, si ya kwetu," Zuhura akasema, na akacheka mpaka akafuta macho. Nilifurahi kumsikia. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu akiwa msichana wa shule pale Likoni.

Kutoka Seoul hadi Busan tulipanda treni inayokwenda kama imefukuzwa. Dirishani nikaona mashamba ya mpunga yaliyovunwa, milima, mahandaki, tena milima. Kila nilipoanza kupendezwa na kitu kilikuwa kimekwisha pita. Zuhura alilala begani kwangu. Mke wangu alitamani sana kuiona nchi hii. Kila mwaka alisema twende, na kila mwaka mimi nilipata sababu.

Busan kumbe ni mji wa bandari, na nilipoziona winchi zake zimesimama juu ya makontena nilijihisi nimerudi Changamwe. Yusufu alikuja stesheni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo Baba," akasema, kwa matamshi aliyofunzwa na mke wangu. Nikamwitikia marahaba.

Kabla ya kwenda nyumbani kwao tulipitia soko la samaki lililo ukingoni mwa maji. Wanaouza ni wanawake wa makamo na vikongwe, wamevaa aproni za plastiki na glavu nyekundu, na kelele zao ni zile zile za wachuuzi wetu. Samaki wako hai kwenye mabeseni. Nilisimama mbele ya pweza, nikimwaza pweza wa nazi wa nyumbani, mpaka muuzaji akapaza sauti na wenzake wote wakacheka.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema usimkodolee macho hivyo, pweza ataona haya."

"Mwambie huyu wa kwake ni mdogo, wa Likoni ni wakubwa kuliko yeye."

Zuhura akamwambia. Mama yule akajishika kiuno, akajibu maneno marefu, na Yusufu akageuka mwekundu. Hawakunitafsiria.

Kuelekea jioni tulifika kwa wakwe. Zuhura alinieleza njiani kwamba huko pia mtu huitwa kwa jina la mwanawe, kwa hiyo nami niwaite Baba Yusufu na Mama Yusufu. Walikuwa wamesimama mlangoni. Baba Yusufu amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote. Tulipoinamiana, swali lake la kwanza lilikuwa nina umri gani. Kwetu mtu haulizwi umri hata kabla hajavua viatu, lakini nilimtajia. Akatikisa kichwa, akasema jambo.

"Anasema umemzidi, wewe ni kaka yake mkubwa," Yusufu akatafsiri.

Nikacheka, nikadhani ni maneno ya kuchangamsha mgeni.

Tuliketi chini, kuizunguka meza fupi, na sakafu yenyewe ilikuwa na joto. Hupashwa moto kwa chini wakati wa baridi. Nilijiona kama nimekaa juu ya mkeka barazani kwetu saa za jua kutua. Meza ilijaa. Samaki wa kukaanga, supu ya mwani, mayai, mboga za kila namna kwenye vibakuli, wali, na kimchi yao, yaani kabeji iliyotiwa chumvi, pilipili na vitunguu saumu, ikaachwa mtungini mpaka ichachuke. Nyama ya nguruwe na pombe hazikuwapo, na Yusufu alinihakikishia kwamba sufuria zilikuwa mpya, mamake amezinunua kwa ajili yangu. Nilimeza mate. Nilisema moyoni, leo nitakula mpaka waseme.

Mama Yusufu alitamka maneno machache ameinamisha kichwa. Nikadhani ni dua. Nikaitikia, "Amin."

Kisha pakawa kimya.

Kwetu Likoni mwenyeji ndiye husema Bismillahi, akatia mkono kwanza, ili mgeni asione haya. Mgeni anayevamia chakula kabla ya mwenyeji hana malezi. Basi nikaweka mikono mapajani, nikangoja Baba Yusufu aanze. Naye ameweka mikono mapajani, anatazama bakuli lake. Yusufu ametulia. Supu ilikuwa ikitoa moshi, moshi ukapungua. Mama Yusufu akanyanyuka, akamchukua samaki akampasha moto tena, akarudi na bakuli jingine la mayai, akaliweka mbele yangu kwa mikono miwili. Nikamshukuru kwa kichwa, nikaendelea kungoja.

Zuhura akanisogelea sikioni. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka.

"Baba," akasema. "Leo tena?"

"Leo tena nini?"

"Utawasusia tena? Mama wa watu amepika tangu alfajiri."

"Nani anasusa? Mwanangu, nina njaa ya kufa! Namngoja mwenye nyumba aseme Bismillahi."

Zuhura alinitazama. Halafu akaziba uso kwa viganja. "Baba, wao wanakungoja wewe. Maneno yale ya Mama Yusufu hayakuwa dua, alikuwa akikukaribisha. Hapa hakuna anayegusa kijiko kabla ya mkubwa. Wewe ndiye mkubwa."

Yusufu alipowaeleza wazazi wake, Mama Yusufu alijipigapiga kifua na kuvuta pumzi, na Baba Yusufu akaanza kucheka. Nami nikacheka. Lakini yeye alinyamaza ghafla, akaongea polepole akinitazama, na Zuhura akachelewa kutafsiri.

"Anasema... anasema kumbe hata siku ile."

"Siku ipi?"

"Siku ya harusi. Anasema hawakukuuliza umri, lakini walikuona wewe ndiye mkubwa wao. Waliwekewa sinia, wakakungoja. Mama Yusufu alisema chakula kinapoa, yeye akamwambia vumilia, baba wa binti atakuja tu. Walingoja mpaka watu wakaja kuondoa vyombo." Akanishika mkono. "Mimi sikujua, Baba. Hawajapata kuniambia."

Nilitazama mikono yangu. Miaka yote ile nilijifariji kwamba hawakula kwa kutudharau, na kumbe waliketi na njaa yao mbele ya pilau ya mke wangu, wakinitunzia mimi heshima, nami niko Mtongwe nakunywa kahawa. Siku ile nilikuwa mwenyeji na nilikuwa mkubwa. Kwa adabu yao na kwa adabu yetu, mkono wa kwanza ulikuwa wangu.

"Mwambie kichwa hakikuwa kikiniuma," nikamwambia Zuhura. "Mwambie hivyo hivyo. Nilikuwa na kiburi."

Akamwambia. Baba Yusufu alikichukua kijiko changu, akanipa kwa mikono miwili. Nikasema Bismillahi kwa sauti, nikanywa supu ile ya mwani imepoa, na vijiko vyote vikalia kwa pamoja.

Kesho yake ndiyo ilikuwa kazi ya kimchi. Majirani walikuja, tukaketi darini juu ya nyumba, kwenye maturubali, mlima wa kabeji katikati. Mitungi ya udongo imepangwa ukutani, mikubwa kwa midogo. Mke wangu alikuwa akianika chupa zake za achari vivyo hivyo, juu ya dari yetu, akizigeuza jua linapohama, akinifokea nisizizibie mwanga. Nilipofunuliwa kopo moja nikakuta uduvi, wale wale wa kwetu, wametiwa chumvi. Ndio wanaotia ladha. Nilipewa glavu, nikafundishwa kupaka pilipili jani moja moja, na majirani wakanicheka kwa kupaka nyingi mno. Nikatoa achari ya Mwanajuma ionjwe. Mama Yusufu alikunja uso, akaonja tena. Kisha akaviringisha jani la kimchi mbichi kwa vidole vyake, akanitilia mdomoni, kama anavyolishwa tonge mtu wa nyumbani. Machozi yakanitoka. Nilisema ni pilipili.

Siku ya kuagana, nilimwambia Baba Yusufu kwamba pilau yake iko Likoni. Akauliza kama haijapoa. Nikamwambia itapikwa nyingine.

Likoni nilirudi na mtungi mdogo wa kimchi, umefungwa kwa mifuko mitatu, na hata hivyo dereva alinitazama kiooni njia nzima. "Mzee, kuna kitu kimekufia huko nyuma?" Mwanajuma naye alionja, akasema ni kali kama ulimi wangu, akaongeza kipande. Mtungi nimeuweka juu ya dari, zilipokuwa zikianikwa chupa za mke wangu.

Wamesema watakuja baada ya Ramadhani, inshallah. Mwanajuma ameshaanza kuulizia mchele. Mimi nina kazi moja tu siku hiyo. Nitaketi sebuleni mapema, kabla sinia halijaletwa, na mlango wa uani nitaufunga kwa ndani.