Karatasi ya Vidoti ya Mzee Tokuzo

Mzee Nishiwaki Tokuzo alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha mashine za santuri, nje kidogo ya Osaka, na miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa moja tu: kuhakikisha sahani ya mashine inazunguka kwa mwendo unaotakiwa. Alikuwa mtu wa mwisho mstarini. Mashine ikimfikia, anaitandika juu yake karatasi ya mviringo yenye vidoti ukingoni, anaiwasha, kisha anaitazama chini ya taa ya tyubu. Vidoti vikionekana vimesimama tuli, mwendo ni sawa. Vikitambaa kwenda mbele, sahani inakimbia. Vikirudi nyuma, inazembea. Mashine ikifaulu anaigongea cheti chake muhuri mwekundu wenye jina lake, ndipo inaruhusiwa kwenda dukani.

Alipostaafu aliondoka na vitu viwili, muhuri na karatasi ya vidoti, na tangu siku hiyo majirani zake hawakupata raha. Ukimkaribisha chai na kwako kuna mashine ya santuri, chai itapoa. Lazima aitoe karatasi mfukoni, aikague mashine yako, na akikuta kasoro atakwambia mbele ya wageni wako. Alikuwa na maringo, tusimpake mafuta. Lakini maringo yake aliyatolea jasho, maana katika miaka thelathini na moja hakuna mashine hata moja aliyoipitisha ikarudishwa kwa sababu ya mwendo.

Mkewe alipofariki, binti yake Yoshie alimchukua akaishi naye Tokyo, mtaa wa Koenji. Mzee akaanza kulalamika. Supu ya tambi ya huku nyeusi tii, utadhani wameisahau jikoni. Kwenye ngazi za umeme watu wanasimama upande wa kushoto badala ya kulia kama binadamu wengine. Miezi minne mizima ilikuwa hivyo, na Yoshie akazoea kuitikia bila kusikiliza. Mtu pekee aliyekuwa bado na hamu ya maneno yake ni mjukuu wake, Chinatsu, msichana wa miaka ishirini na minne anayepiga santuri kwenye baa moja hapo mtaani. Huyo ndiye aliyemjia na ombi.

"Babu, nataka mashine. Moja tu. Niwe naenda nayo kazini, na nikirudi nyumbani niisikilizie muziki wangu. Halafu isife."

"Isife?"

"Wenzangu wananunua za mkanda. Mwaka haujaisha zishaanza kupiga chafya."

Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. "Za mkanda ni za wazee kama mimi, wanaoweka santuri wakasinzia. Wewe unaishika sahani, unaivuta, unaiachia. Mkanda utaukubali mchezo huo siku ngapi? Utalegea tu. Unataka ile ambayo sahani imekaa juu ya mota yenyewe. Hakuna mkanda, hakuna cha kukatika. Na isiwe mpya yenye mbwembwe. Tafuta nzee nzito iliyotunzwa. Hiyo utamrithisha mwanao."

Jumamosi wakaenda wote wawili kwenye duka la Mama Kuwabara, nyuma ya stesheni. Ni mama wa miaka sitini hivi, aproni yake ina madoa ya grisi, na kila mashine iliyokuwa inauzwa pale aliifungua na kuitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Chinatsu alikwisha kuiona anayoitaka, ya rangi ya fedha, kwenye rafu ya chini. Mzee akaiinua.

"Nzito," akasema. "Vizuri. Nyepesi inatetemeka muziki ukipanda." Akautikisa mkono wa sindano kwa ncha ya kidole, haukucheza. Akaiwasha, akaibana sahani kwa kiganja ikasimama, akaiachia. Kufumba na kufumbua ilikuwa imerudi kwenye mwendo wake. "Umeona? Mkanda ungeteleza hapo." Akakisogeza kitelezi cha mwendo juu na chini. Kikateleza kama siagi, akakirudisha katikati.

Chinatsu alikuwa anatabasamu mpaka gego la mwisho. Hapo ndipo mzee alipotoa karatasi yake mfukoni, akaitandika juu ya sahani, akainama chini ya taa ya tyubu ya dukani. Vidoti vikatambaa kwenda mbele, tena kwa kasi.

"Hii inakimbia," akasema.

"Inakimbia, mzee wangu?" Mama Kuwabara akasogea.

"Mbio za ajabu. Nani kaitengeneza?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi hukuipima."

Mama Kuwabara akaonyesha kitaa kidogo kilichopachikwa ubavuni mwa mashine, ambacho nacho kazi yake ni kupima mwendo. "Lakini taa yake yenyewe inaonyesha iko sawa."

"Taa yake inaongozwa na mtambo huohuo mbovu! Unamuuliza mshitakiwa kama ana hatia?"

"Basi tuweke santuri, mzee wangu. Tuisikilize kwanza."

"Masikio yanabembelezwa, mama. Mimi nimekagua kwa macho miaka thelathini na moja."

Wateja wawili waliokuwa wanapekua santuri wakageuka. Mama Kuwabara akaitazama ile karatasi kwa muda, hasa pale katikati penye maandishi madogo. Kisha akamtazama Chinatsu. Halafu akaweka mikono mapajani, akainama mpaka nywele zake zikaangukia usoni.

"Samahani sana. Uzembe ni wangu. Naiondoa sasa hivi."

Na kweli, palepale mbele ya wateja, akaibandika mashine karatasi iliyoandikwa kwa mkono, "Ina kasoro ya mwendo", akaisukuma chini ya meza.

Nje, Chinatsu alimng'ang'ania babu yake mkono. "Babu, wewe ni kiboko! Nusura niuziwe kimeo!" Mzee akatembea kifua mbele mpaka nyumbani, na jioni ile alilimaliza bakuli lote la supu nyeusi bila kuitukana.

Jumanne Chinatsu akaja na mashine nyingine aliyoazima kwa rafiki yake aliyekuwa tayari kuiuza. Akaiweka juu ya meza ya jikoni. Mzee akaitandika karatasi, taa ya tyubu juu ya kichwa chake, akainama. Vidoti vikatambaa kwenda mbele.

"Hii nayo inakimbia," akasema.

"Hii nayo? Siku hizi hakuna mashine nzima?"

Mzee akainama tena. Ilikuwa inakimbia kwa kasi ileile ya mashine ya dukani, haikuzidi wala haikupungua. Alikuwa hajawahi kuona mashine mbili zenye ugonjwa mmoja kwa kipimo kimoja. Yoshie akaingia na kapu la mboga.

"Baba, ondoeni mtambo wenu nipike. Halafu lile maikrowevu lako la Osaka wanakuja kulichukua wiki ijayo. Nilikwambia usije nalo, umeme wa huku si wa kwenu."

Mzee Tokuzo akageuka akaitazama taa ya tyubu.

Jambo lenyewe kila mtoto wa nchi ile analijua. Umeme wa magharibi, kwa kina Osaka, unapiga mara sitini kwa sekunde. Wa mashariki, Tokyo, unapiga mara hamsini. Watu wakihama wanageuza vyombo vyao kusoma kibandiko cha nyuma. Na taa ya tyubu inapepesa kwa kufuata mapigo ya umeme, na vidoti huhesabiwa kwa kupepesa huko. Karatasi iliyochapwa kwa ajili ya taa za Osaka, ukiisomea chini ya taa ya Tokyo, itaisingizia uongo mashine yoyote duniani. Mota ile aliyoisifu kwa mjukuu wake haijali umeme wa ukutani ni wa wapi. Uzuri wake mmojawapo ndio huo. Asiyejua alipo alikuwa yeye mkaguzi. Akaitoa karatasi, akaisogeza karibu na macho. Katikati, kwa maandishi madogo aliyoacha kuyasoma tangu ujana wake, palikuwa na tarakimu: 60.

Aibu ilimpanda. Alimwona Mama Kuwabara ameinama, nywele zimemfunika uso. Akaisikia sauti yake mwenyewe na maneno ya mshitakiwa na hatia, yale yaliyomfurahisha sana Jumamosi.

"Vipi, babu?" Chinatsu akauliza.

Pale ndipo angesema. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini msichana alikuwa anamtazama kwa macho yale ya Jumamosi, na hapakuwa na macho mengine yaliyomtazama mzee hivyo katika mji ule.

"Hii nzima," akasema.

"Si umesema inakimbia?"

"Taa ya hapa jikoni mbovu. Inanichanganya. Mwambie mama yako abadilishe tyubu."

"Sawa. Lakini mi bado moyo wangu uko kwa ile ya fedha," Chinatsu akasema akiikunja waya. "Yule mama kaniudhi. Nimeshawaambia wenzangu wote wa hapa mtaani: duka lile mpite mbali, babu yangu kaikamata mashine mbovu kwa macho tu."

Kesho yake Yoshie alinunua tyubu mpya. Akapanda juu ya kigoda kuibadilisha, na goti lake bovu, akiguna, huku baba yake ameshika kigoda na hathubutu kuinua uso. Taa mpya ikawaka. "Afadhali sasa?" Yoshie akauliza. Mzee akasema afadhali.

Siku mbili hakulala vizuri wala hakulalamika, mpaka Yoshie akampima joto. Ijumaa asubuhi akanunua boksi la vitumbua vya maharage matamu, wauzaji wakamfungia kwa karatasi nzuri kama inavyofungwa kwa mtu anayekwenda kuomba radhi, akaelekea nyuma ya stesheni. Alipita mbele ya duka mara tatu. Mara ya tatu Mama Kuwabara akafungua mlango.

"Ingia, mzee wangu, utachoka kuzunguka."

Dukani hamkuwa na mteja. Jumamosi saa kama ile walikuwa watu wanapishana. Mzee akaliweka boksi juu ya meza, akainama, maneno aliyoyapanga njiani yakampotea yote.

"Karatasi yangu," akasema akiwa bado ameinama. "Ni ya Osaka."

"Najua."

Akainua kichwa.

"Niliiona namba katikati," Mama Kuwabara akasema. "Na hata nisingeiona, ulivyofungua mdomo tu nilijua umetoka wapi."

"Ulijua? Siku ileile?"

"Siku ileile."

"Mbona hukusema, mama? Nilikutukana mbele za watu!"

Mama Kuwabara alikuwa anafungua boksi la vitumbua polepole, asichane karatasi. "Mjukuu wako alikuwa anakutazama," akasema.

Mzee Tokuzo alitamani ardhi ipasuke immeze. Angekuwa amegombezwa ingekuwa nafuu. Mtu asiyemjua aliibeba aibu yake ili yeye asiaibike mbele ya mtoto, na yeye aliyempenda mtoto huyo alimdanganya jikoni siku ya Jumanne kwa macho makavu.

"Mashine iko wapi?"

Ilikuwa bado chini ya meza na kibandiko chake. "Nilishasema mbele ya wateja kwamba ni mbovu," Mama Kuwabara akaeleza. "Nikiirudisha rafuni, binti akipita akaiona, si ataanza kujiuliza?"

"Nipe karatasi na kalamu, tafadhali."

Akaandika kwa herufi kubwa. Kisha akatoa kimfuko chake, akatoa muhuri, akaugonga chini ya maandishi, akaubonyeza kwa uzito wa mwili wake wote. Akakibandua kibandiko cha kasoro, akaweka hicho chake. Halafu akampigia simu Chinatsu aje.

Msichana alifika anahema, akidhani babu kaanguka. Akaiona mashine juu ya meza, akasoma kwa sauti: "Mashine hii mwendo wake ni sahihi. Aliyekosea ni mkaguzi. Nishiwaki Tokuzo." Akayasoma maandishi mara ya pili, kimyakimya. Mzee akamweleza habari ya sitini na hamsini, yote, bila kujitetea.

"Kwa hiyo ile taa ya jikoni?" Chinatsu akauliza.

"Haikuwa mbovu."

"Mama akapanda kigoda bure."

"Bure."

"Na siku hiyo ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Chinatsu aligeuka kwa Mama Kuwabara, akasimama ubavuni kwa babu yake, akainama. Mzee akainama naye. Chini pale aliviona viatu vya mjukuu wake vimepangwa sawasawa pembeni ya vyake, na hicho ndicho kilichomtoa machozi, kwamba msichana ameomba radhi kwa kosa lisilo lake.

Walipoinuka, Chinatsu akatoa simu. "Niliwaambia watu wengi," akasema bila kumtazama. "Ngoja niwaandikie." Kidole chake kikasimama juu ya kioo. "Naandikaje, babu? Nikisema tulikosea, inatosha."

"Hatukukosea," Mzee Tokuzo akasema. "Andika jina langu. Lote."

Akaliandika lote, akaongeza na kazi aliyoifanya miaka thelathini na moja, akawatumia.