Kuoga Bila Kulowa

Ploti yetu kule Kayole ilikuwa na vyumba kumi na bafu moja, na kama kulikuwa na utulivu wowote mtaani, ulikuwa umejificha humo bafuni. Ndiko nilikokwenda kuutafuta.

Mwaka huo wa tisini na kitu maji yalikuwa yamenifika shingoni. Mdogo wangu, aliyekuwa akiuza mitumba kabla ya kuugua, alikuwa amelala nyuma ya pazia. Mbele ya pazia kulikuwa na cherehani yangu na rundo la sare za shule, na wazazi walipita kila jioni kuuliza, "Fundi, bado?" Bado! Nishone, nimgeuze mgonjwa, nikoroge uji, nifue mashuka. Kuna siku nilishika mkasi nikasahau ninakata nini.

Basi nikaanza kubeba ndoo yenye maji kidogo na kujifungia bafuni. Nilisimama tu, nguo zangu zote mwilini, nikimwaga kopo moja moja ili majirani wasikie ninaoga. Sikuomba, Mungu mwenyewe nilikuwa nimemnunia. Nilijiuliza swali moja: nikitoka hapa, nianze na nini? Kitu kimoja tu. Kola. Au uji. Jibu likija, nilitoka nikalifanya, kisha nikashika lingine. Moyo haukupata nafuu yoyote, nisikudanganye, lakini sare zilishonwa.

"Wee sista, unaoga ama umehamia?" jirani wa chumba cha pili alikuwa akigonga. Nilimchukia mama yule, wacha tu.

Asubuhi moja mdogo wangu akaniambia, "Dada, leo nipeleke na mimi."

"Wapi?"

"Huko unakoenda kuoga halafu unarudi mkavu."

Kumbe alijua siku zote! Nikambeba. Alikuwa mwepesi mno, nikajikaza nisilie. Nikamketisha kwenye kigoda humo bafuni, nikafunga komeo, nikamweleza ninavyofanya. Akacheka kidogo, akafumba macho. Jirani, ajabu, hakugonga siku hiyo.

"Nimepata changu," akasema. "Nipeleke nyumbani kwa mama."

Kwetu magharibi ni safari ya siku nzima, na wagonjwa kama yeye waliopelekwa nyumbani kutoka mtaani kwetu hatukuwaona tena. Yeye pia alijua. Wengine alikuwa amewasindikiza mwenyewe hadi kwenye basi. Nikaanza kumpa maneno: ngoja nimalize sare, ngoja shule zifunguliwe, ngoja upate nguvu kidogo. Mwishowe nikamwambia, ngoja basi nifikirie.

"Umeshafikiri, dada," akasema. "Umefikiri mwezi mzima."

Hakusema kwa hasira. Nikafungua komeo, nikamrudisha chumbani, nikaanza kukunja nguo zake.