Papa Kasongo nusura apone mbele ya daktari

Leo nusura tukose pesa ya ulemavu kwa sababu ya adabu!

Papa Kasongo alipooza mkono, kazi ya bandarini ikaisha, sasa analala kwenye kibaraza cha kanisa letu. Nimempeleka hospitali apimwe ili serikali impe hiyo pesa, mimi mkalimani.

Daktari akamuuliza hali.

Kabla sijatafsiri, Papa, ndani ya suti ya kuazima, akatoa Kiingereza chake chote: “I am fine, Dokta, thank God!”

Daktari akaanza kuandika. Eish!

Nikamwambia, “Dokta, hiyo ni salamu tu. Mwambie afungue kamba za viatu, azifunge tena. Asubuhi nimemfungia mimi.”

Papa akahangaika na mkono mmoja. Daktari akachana karatasi, akaandika upya.

Nje nikamgombeza. Semeni nyinyi kama nilikosea, maana alinijibu:

“Mama, mutu anakusalimia, unamutupia magonjwa?”