Neno Ambalo Mume Wangu Hakunisomea

Siku ya kwanza kazini, kwenye kikundi chetu cha maigizo Kinondoni, nilijitokeza na gauni la harusini na wanja umekolea. Dairekta, yaani yule anayeamua nani asimame wapi na alie saa ngapi, akanitazama juu mpaka chini. "Bibie, kabadilishe. Hapa wewe ni jirani mmbeya, umetoka kufua."

Nikapewa dera lililopauka. Nikaigiza umbeya mpaka wapiga picha wakacheka. Wajukuu zangu, mie kazi niliiweza.

Baada ya ujirani nikapandishwa umama mkwe, kisha nikapewa filamu ya televisheni, mie ndiye mke. Ndoa ya siku nyingi, imeoza. Mume na mke wanakula kwenye mkeka mmoja ila wanasemeshana kupitia paka: "Paka, mwambie bwana chai inapoa."

Maneno yote yalikuwa kwenye skripti, na mie darasa la nne sikumaliza, kusoma najikongoja. Kwa hiyo jioni mume wangu Hamadi, fundi cherehani, alinisomea. Yeye anakuwa mume, mie najibu.

"Kumbe kununa unajua," nikamwambia.

"Ninaishi na mwalimu."

Tulipofika sini ya mwisho, kipande cha kumalizia filamu, akakunja karatasi.

"Hapa anamwacha mkewe. Neno hilo silisomi."

"Soma, nijue namjibu nini. Dairekta kasema nikibabaika kesho anampa mwingine."

"Mama Zuhura, talaka haina mchezo. Yule wa kwenye filamu si mumeo, akisema ni upepo. Mie nikilitamka, hata kwa utani, limepita. Kazi utapata nyingine."

Nililala nimemnunia kweli.

Kesho yake tulikuwa Kipawa, nyumba ambayo kila ndege ikipita mtu wa sauti ananyoosha mkono, tunaanza upya. Nimekaa na ungo, nachambua mchele. Mume wa filamu akaingia: "Nimekuacha. Chukua vyako."

Neno lenyewe sikuwahi kuambiwa maishani, hata kwa mazoezi. Likanipiga kifuani. Nikaendelea kuchambua mchele, punje zinamwagika sakafuni, nami naziokota moja moja. Nikasubiri dairekta aseme "kata", kamera izimwe, nifukuzwe. Hakusema, mpaka ungo ukanitoka mkononi.

"Maneno yako hukuyasema," akaniambia.

"Siyajui."

"Basi usiyajue hivyohivyo. Filamu inaishia hapo."

Ilipoonyeshwa, wanawake wa sokoni Temeke walinipa pole na mafungu ya mchicha. Tangu hapo nafasi ya mke aliyechoshwa ikija, naitwa mie.

Sasa magoti yamenistaafisha, tunakaa Bunju. Waume wa filamu wameniacha wengi, na kila mmoja alilipwa kuniacha. Hamadi yupo hapo barazani, sikio moja halisikii, ananuna kuliko zamani kwa sababu chai imechelewa.

Namwacha anune. Neno lile bado hajalisema.