Safari ya Wawili Aliyoipanga Mshenga

Kazini tulimwita Mshenga, ingawa hakuwahi kupeleka posa ya mtu yeyote. Kazi yake ilikuwa kuwapangia watu wawili wawili safari fupi za kuja mjini kwetu: wanafika Ijumaa jioni, wanalala siku mbili kando ya maji, Jumapili mchana wanarudi kwao. Maharusi, wachumba, wazee waliotimiza miaka thelathini ya ndoa, na wale ambao ukiwatazama tu unajua kuwa safari hiyo ndiyo dawa ya mwisho kabla ya talaka, wote walipita mezani pake. Meza yangu ilikuwa ubavuni mwa yake, katika chumba cha ghorofa ya kwanza juu ya duka la viatu. Kwa miaka kumi na mmoja nilimsikia akipanga mapenzi ya watu kwa simu, kalamu sikioni.

Alikuwa fundi wa kazi hiyo, na simsifu kwa sababu ni rafiki yangu. Alijua hoteli ipi madirisha yake yanatazama maji, na ipi yanatazama maji kupitia nyaya za umeme. Alijua chumba ambacho lifti inapita nyuma ya ukuta wa kitanda, inakoroma kama mgonjwa. Njia ya matembezi ya ufukoni aliipima kwa miguu yake, saa mkononi, mara moja kwa mwendo wa vijana na mara nyingine kwa mwendo wa mtu mwenye magoti mabovu. Jumamosi baada ya chakula cha mchana hakupanga kitu kamwe.

"Mchana huo waachie wenyewe," alinifundisha nilipokuwa mgeni kazini. "Watalala au watagombana. Yote mawili yanataka nafasi."

Yeye alimwuliza kila mteja maswali mengi, na la mwisho lilikuwa hili: kuna kitu chochote ambacho mmoja wenu anakiogopa? Watu walicheka, kisha wakajibu. Huyu anaogopa lifti, yule anaogopa mbwa. Mshenga aliandika yote kwa mwandiko wake mdogo, na hakuna mgeni wake aliyewahi kurudi akilalamika.

Yeye na mkewe waliishi upande wa juu wa mji, mbali na ufuko, katika nyumba ya vyumba vitatu. Mkewe alishona sare za shule. Cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na sakafu yote kuizunguka ilikuwa vipande vya nyuzi za bluu. Binti yao wa pekee alikuwa amekwisha kuolewa mbali. Walikuwa na miaka ishirini na sita ya ndoa, na ungewaona ungesema wametulia kama maji ya mtungini. Mume alirudi jioni, akala, akasimulia ya kazini. Mke alisikiliza huku akikata uzi kwa meno.

"Nyumba yangu haina kelele," Mshenga alizoea kutuambia, akijivuna kidogo.

Basi ikatokea wachumba fulani waliokwisha kuandaliwa kila kitu wakaachana siku nne kabla ya safari. Hoteli ikakataa kubadili tarehe. Bosi wetu, mama asiyependa kitu kiharibike bure, akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mshenga, umewalaza watu wangapi kwenye kile chumba cha ghorofa ya nne? Wewe mwenyewe hujakilalia hata siku moja. Mchukue mama, mwende."

Tukapiga makofi. Mshenga akacheka mpaka magego yakaonekana. Jioni hiyo alimpelekea mkewe habari akiwa bado mlangoni, viatu havijavuliwa. Mke aliacha kukanyaga cherehani.

"Kule chini? Ufukoni?"

"Mbele kabisa. Ukifungua dirisha, ni maji tu. Nimeshapanga kila kitu."

Mke alikata uzi, akasema, "Haya, kama umeshapanga," na kuendelea kushona. Mshenga alilichukua neno hilo kuwa ndiyo. Aliniambia baadaye kuwa kama angekuwa mteja aliyejibu vile, angeweka kalamu chini na kuuliza tena.

Walifika Ijumaa saa kumi na moja jioni. Chumba kilikuwa kama alivyokisifu kwa watu miaka yote: kitanda kipana, shuka nyeupe, taulo mbili zilizokunjwa vizuri, na dirisha linaloanzia sakafuni. Mshenga alifungua pazia. Alipotoka bafuni alilikuta limefungwa. Akalifungua tena, akitania kwamba watu wanatoka mbali kuja kuona kitu hicho. Mkewe akageuza kiti, akakaa akilipa dirisha mgongo.

Chakula cha jioni kilikuwa kwenye ukumbi wa mbao uliojengwa juu ya maji, mahali alipowapeleka maharusi wake wote. Kati ya ubao na ubao palikuwa na nafasi ya kidole, na chini yake maji yalicheza na kumeta kwa mwanga wa taa. Mke alipandisha miguu yake juu ya mti unaounganisha miguu ya kiti, akaiweka huko mpaka walipoinuka. Samaki wake alimgusa tu kwa uma.

"Umechoka," Mshenga akasema.

"Nimechoka," mke akakubali.

Jumamosi saa nne asubuhi ilikuwa zamu ya mashua ya injini inayowazungusha wageni kwa saa moja. Abiria walikuwa kama kumi na wanane, wengi wao wawili wawili, na wengine walikuwa wateja wake mwenyewe waliomsalimia kwa furaha. Mkewe alifika kwenye ubao wa kupandia, akasimama. Nyuma yao foleni ikasimama pia. Mshenga aliona jasho juu ya mdomo wake wa juu, akadhani ni jua.

"Twende, bibi harusi," akasema kwa sauti ya kuchekesha watu, akamvuta mkono. Watu wakacheka kweli. Mke akaingia.

Hawakwenda mbali. Meli ya mizigo ilikuwa inatoka gatini, na mawimbi yake yakaja kuinyanyua mashua upande mmoja kisha mwingine. Ilikuwa jambo dogo. Watoto wa pale hulifurahia. Mkewe alipiga ukelele ambao Mshenga anasema hajawahi kuusikia ukitoka kwa mtu mzima. Akaanguka chini kati ya viti, akamkumbatia miguu mwanamume asiyemjua, akawa anasema, "Nimemshika, nimemshika, nimemshika." Nahodha akageuza mashua. Hakuna aliyecheka tena. Wale waliomsalimia Mshenga walitazama pembeni, kama watu wanavyotazama pembeni nguo ya mtu ikimvuka hadharani.

Walikaa kwenye ukuta mfupi wa gati, mke akiwa ameelekeza uso barabarani.

"Si ungeniambia kama unaogopa maji?" Mshenga akasema. Hakuisema kwa hasira. Ni neno lililomtoka tu.

"Nilikwambia."

"Lini?"

"Wiki ya kwanza ya uchumba wetu. Tulikaa kwenye benchi nje ya posta, tunakula machungwa. Nilikwambia kaka yangu alikufa maji, na mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono. Sikuwahi kumwambia mtu mwingine. Wewe ukasema pole. Halafu ukaniuliza kama nitakula chungwa la pili."

Mshenga alitafuta kichwani mwake. Benchi alilikumbuka. Machungwa aliyakumbuka, na gauni lake la njano lenye mkanda mpana. Maneno hayakuwepo. Alijua mkewe alikuwa na kaka aliyefariki utotoni, kama mtu anavyojua majina ya wakwe, lakini alifariki vipi hakuwa akijua, na hakuwahi kuuliza.

"Kwa nini hukuniambia tena?"

"Baba, miaka ishirini na sita napita barabara ya juu kwenda sokoni, na ya chini ndiyo fupi. Harusi ya dada yako ilikuwa ufukoni, nikasema naumwa. Binti yetu alipotaka kujifunza kuogelea, ni nani aliyekataa mpaka akalia? Mtu atasema kwa njia ngapi?" Akafuta uso kwa kiganja. "Wageni unawauliza wanaogopa nini. Huwa unanisimulia unavyowauliza."

Hawakugombana. Alasiri ile iliyoachwa tupu kwa ajili ya kulala au kugombana, walifunga mkoba wao na kurudi nyumbani.

Jumatatu Mshenga alikuja kazini kama kawaida. Tulipomwuliza, alisema chumba kilikuwa kizuri. Lakini wiki zilizofuata nilimwona akishika simu muda mrefu bila kubonyeza namba. Kosa ambalo hakuwahi kulifanya, akalifanya: aliwapeleka wazee wawili kwenye chumba cha lifti inayokoroma. Bosi alimwita ndani, akamwambia apumzike siku kumi.

Siku ya tatu ya mapumziko hayo, mkewe alimaliza sare za shule moja, akazifunga, akamwambia anahamia kwa dada yake, mji wa pili, saa mbili kwa basi.

"Nimekukosea nini?" Mshenga akauliza.

"Hujanipiga, hujaninyima, hujaniletea mwanamke. Nikienda kwa wazee kukushitaki sitakuwa na la kusema." Alikuwa anafunika cherehani kwa shuka. "Lakini nimekaa ndani ya nyumba hii kama mgeni aliyezoeleka. Nimechoka, Baba. Sina hasira. Nimechoka tu."

Mshenga alimbebea cherehani mpaka kituoni. Ilikuwa nzito, akapumzika mara mbili njiani, na mkewe akamsubiri mara zote mbili. Walipeana mikono kama watu waliokutana kwenye kikao.

Alipoanza kwenda huko siku za Jumapili, dada mtu alimpokea kwa adabu ambayo ilimuumiza kuliko matusi. "Karibu, shemeji. Kaa, shemeji. Chai, shemeji?" Kisha anawaacha barazani. Jumapili za mwanzo Mshenga alisimulia ya kazini, kwa kuwa ndiyo aliyoyajua. Mkewe aliitikia kidogo huku akipindisha ukosi wa shati. Jumapili ya tano alikosa la kusimulia. Chai ikapoa mkononi mwake, akauliza:

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Nani?"

"Kaka yako."

Sindano ikasimama ndani ya kitambaa.

"Kumi na mmoja. Mimi tisa." Akaichomoa sindano. "Alikuwa ameteleza kwenye mawe. Nikamshika mkono, nikamshika kweli, kwa mikono yangu miwili. Watu walisema baadaye kwamba nilimwachia kwa sababu ya udogo. Mimi sikumwachia. Yeye ndiye aliyefungua vidole. Aliona naingia na mimi."

Mshenga aliniambia kwamba "pole" ilimjia mpaka kwenye ulimi, akaimeza. Mkewe aliendelea kwa sauti ya chini: jinsi mama yao alivyokataa kulitaja jina tena, jinsi viatu vya kaka vilivyokaa chini ya kitanda mpaka panya wakavitoboa. Alizungumza mpaka jua likahama barazani. Alipomaliza alisema, "Basi la mwisho litakuacha," akaingia ndani na ushonaji wake.

Hilo lina mwaka sasa. Mke hajarudi, wala hajasema atarudi. Binti aliuliza kwa simu, "Baba, mmeachana?" na Mshenga akamjibu kuwa hajui jina la hali waliyo nayo. Jumapili nyingine mkewe huzungumza. Nyingine hushona tu, naye hukaa mpaka saa ya basi. Kazini bado anawapangia watu safari, taratibu zaidi kuliko zamani, na wateja wengine wanakereka kwa maswali yake yasiyokwisha. Jumamosi zikifika saa nane, huzima taa ya meza yake kabla yetu sote na kwenda kukata tiketi ya kesho.