Maji ya Nje ya Lango

Siku yangu ya kwanza kazini Riyadh nilipewa vitu viwili: kishada cha funguo na kiti cha plastiki. Mkuu wa walinzi, Msudani mwenye ndevu nyeupe aliyezeekea katika maduka ya soko la kale la Al-Dirah, aliniambia nichague kimoja cha kuanzia kazi. Nilichukua funguo. Alitikisa kichwa, akanisogezea kiti.

"Funguo hata mwizi anazo," alisema. "Keti hapa nje mpaka uwajue wapita njia."

Nilikuwa nimetoka Taita nikiwa mtu mzima, baada ya kulinda maghala ya Mombasa kwa miaka mingi, na nilidhani kazi hiyo nimeihitimu. Ilikuwa miaka ile ambayo mawakala wetu walijaza ndege kwa madereva, walinzi na wasichana wa kazi za nyumbani. Wengi tuliosafiri pamoja tuliuliza habari za mshahara tu. Hakuna aliyeuliza kazi yenyewe hufanywaje. Ninayaandika haya kwa ajili ya vijana wanaosafiri leo na swali lile lile moja mdomoni.

Niliketi. Nikawajua wafagiaji wa barabara kwa majina, wapagazi wa sokoni kwa miendo yao, na wauza manukato kwa saa zao za kufungua. Mkuu wa walinzi alinifundisha jambo ambalo sijalisahau: mlinzi halindi mlango dhidi ya mtaa, bali hulinda mlango akisaidiwa na mtaa. Wale wanaopita kila siku ndio macho yake. Akiwafukuza, amejipofusha mwenyewe.

Baadaye kafili wangu, yaani mwajiri ambaye jina lake limo katika kibali changu cha ukaazi tunachokiita ikama, alinihamishia mtaa wa Malaz. Alikuwa mfanyabiashara wa Jeddah mwenye jumba la ghorofa nne huko Riyadh, nami nikawa haris wa jumba hilo. Haris si bawabu wa kufungua lango tu. Maji ya jiji huingia katika tangi lililofukiwa uani. Haris huyapandisha kwa dinamo, yaani pampu ya umeme, hadi kwenye matangi ya paani, na yasipokuja huita lori la maji. Kila tangi lina boya, kifaa kinachoelea na kuyafunga maji yakishajaa. Boya likikwama, ngazi nzima hulowa, na anayelaumiwa hujulikana. Haris hufahamu sauti ya kila kiyoyozi, harufu ya kila jiko na hatua za kila mtoto. Niliifanya kazi hiyo kwa heshima, na sioni haya kusema kwamba niliifanya vizuri.

Upande wa chini aliishi Umm Saleh, mjane wa Kisaudi, mfupi, mwenye ulimi mkali. Ukutani, nje ya lango, kulikuwa na sabili yake: sanduku la chuma kisichoshika kutu, lenye mtambo wa kupoza maji, koki mbili, na kikombe kilichofungwa kwa mnyororo. Mume wake alipofariki, mjane huyo aliiweka pale ili kila anywaye pale thawabu zimfikie marehemu. Katika joto la Riyadh, ambapo chuma cha lango huchoma kiganja, wafagiaji, wajenzi na madereva walikuwa wakifika hapo kama watu wanaofika nyumbani.

Mmoja wao alikuwa Musyoka, dereva wa familia ya jirani, Mkamba asiyejua kunyamaza.

"Mzee Mwakio," aliniambia siku moja akijifuta mdomo, "hii maji ni baridi kuliko roho ya madam wangu. Na wewe mbona hukunywi? Ama unangoja yageuke divai?"

Umm Saleh alikuwa nyuma ya mlango wake. Aliuliza kwa Kiarabu mwenzangu amesema nini, nami nikamweleza, nikiiacha habari ya madam.

"Hata mimi nataka kujua, Abu Yusufu," alisema, akiniita kwa jina la mwanangu wa kwanza kama ilivyo desturi yao. "Huyanywi kwa kuwa wewe ni Mkristo?"

"La, mama. Sabili ni ya wapita njia. Mimi ni mtu wa nyumba hii. Ninayo maji chumbani."

Alicheka kidogo. "Basi siku utakayoyanywa nitajua kwamba umepita."

Mambo yalibadilika kampuni moja ilipoanza kukodi nyumba za jumba letu kwa ajili ya wahandisi wa kigeni na familia zao. Kila mkataba wa mwenyeji ulipoisha, mgeni aliingia. Mwalimu wa ghorofa ya pili aliondoka na watoto wake waliozoea kucheza mpira uani. Akaondoka karani wa ghorofa ya tatu, ambaye baba yake alikuwa akinisalimia kwanza kabla sijamsalimia. Zamani, wakati wa Ramadhani, sahani zilipanda na kushuka ngazi kabla ya magharibi, na hakuna sahani iliyorudi tupu. Mwaka ule wa wageni, ni sahani ya Umm Saleh pekee iliyopanda. Ilirudi imeoshwa vizuri sana, haina kitu. Wageni walidhani huo ndio ustaarabu. Umm Saleh aliitazama kwa muda mrefu, kisha akairudisha kabatini.

Siwahukumu. Mimi mwenyewe nilikuwa mgeni, na nyumba niliyolala ndani yake ilijengwa ili alale mtu mwingine. Lakini mgeni ana wajibu wa kuuliza alichokikuta kabla ya kukiondoa, na wajibu huo haukutimizwa.

Kampuni ilimleta msimamizi wa makazi, kijana nadhifu wa suti, mwenye adabu kwa kila mtu. Aliniita ofisini kwake kwenye chumba kilichokuwa cha mwalimu.

"Bwana Mwakio, wapangaji wana wasiwasi. Wanaume husimama langoni mchana kutwa. Kuna kina mama, kuna watoto."

"Wanakunywa maji, bosi."

"Najua. Mimi si mtu mbaya. Tutalihamishia lile sanduku ndani ya uwanja. Maji yatakuwepo, anayetaka atapiga kengele."

"Hakuna mfagiaji atakayepiga kengele ya lango hili ili apewe maji. Ukiliingiza ndani, umelifunga."

"Hayo ni maoni yako."

"Ndiyo, bosi. Na mikono yangu haitalifungua ukutani mpaka kafili wangu aniamuru."

Alinitazama kama mtu aliyeona kiti kikisema. Hakufoka. "Basi nenda Jeddah ukamwambie hivyo mwenyewe," alisema. "Nitampigia simu ajue kwamba unakuja na kwa nini."

Nilimweleza Umm Saleh. Alikuwa ameketi na tasbihi yake, akaiweka magotini. Mwishowe alisema, "Mimi wakinitoa nitatoka. Nitakwenda kwa mwanangu Saleh, Jeddah. Lakini yule aliyelala kaburini hana mahali pengine anapopata chochote. Ana koki hizo mbili tu."

Musyoka alinipeleka kituo cha basi. Njiani alijaribu kunicheka, akashindwa. "Mzee, kafili akikasirika, halas, imekwisha, unarudishwa Voi na begi lako. Kwa sababu ya kikombe. Umefikiria mama watoto?"

"Nimemfikiria. Ningemwambia nini nikiulizwa nililinda kitu gani huku?"

"Ungemwambia ulilinda mshahara," alisema, lakini alinishika mkono kwa nguvu kabla sijapanda.

Mwenye jumba alikuwa na duka la vitambaa Balad, katika Jeddah ya kale, chini ya nyumba za mawe ya matumbawe zenye madirisha ya mbao yaliyochongwa. Wapagazi walisukuma mikokoteni wakipiga kelele za kuomba njia. Alikuwa mzee mzito, mtulivu. Aliagiza nipewe kahawa kwanza, akaacha niimalize.

"Msimamizi anasema umekataa amri."

"Nimeingojea yako, bosi."

"Nani hunywa pale?"

Nilimtajia: mfagiaji wa Kibangali ambaye hulowesha kilemba chake kwanza, wajenzi wa jumba la pili, madereva wanaongoja mabinti watoke shuleni, mzee wa Kisaudi anayekwenda msikitini kwa miguu ijapokuwa mwanawe ana gari. Nilimwambia pia kwamba tangu niwe haris hapo hakuna kilichoibwa, kwa kuwa hao wote humtambua asiye wa mtaa kabla sijamwona mimi.

Alinyoosha kidole kwenye dirisha la mbao juu ya duka la pili. "Nyumba ile aliijenga babu yangu. Sasa wanakaa wapagazi, wageni kama wewe. Hakuna aliyetufukuza. Tulitaka nyumba mpya, tukahama wenyewe, na leo nikipita sijulikani pale mlangoni." Akakunja kitambaa kilichokuwa kimekunjwa tayari. "Maji yale yalitolewa kwa ajili ya maiti. Mimi siyagusi, wala msimamizi hayagusi. Mwambie nimesema."

Nilishukuru. Kisha nikauliza habari ya Umm Saleh mwenyewe, maana nilijua mkataba wake umekaribia mwisho.

"Kampuni inataka jumba zima," alijibu, bila kunitazama. "Nyumba ni biashara, Abu Yusufu. Maji si biashara. Usiniombe zaidi ya hapo."

Nilimwomba hata hivyo. Alikataa, na kahawa ya pili haikuletwa.

Hivyo nilirudi Riyadh na nusu ya nilichokifuata. Umm Saleh aliisikiliza habari yote akiwa amesimama. Hakulia. Aliuliza, "Nikiondoka, nani atasafisha chujio? Nani ataangalia mtambo ukizima? Kitu kisicho na mwenyewe hukauka."

"Mimi, mama."

"Wewe ni Mkristo. Utamhudumia mume wangu?"

"Mimi ni haris. Kilicho katika ukuta huu ni kazi yangu."

Akanionyesha chujio linavyofunguliwa, akanikosoa mara mbili nikilirudisha, na juma lile lile Saleh akaja kumchukua.

Siku ya kuondoka kwake, Bi Mariana wa ghorofa ya kwanza, mke wa mhandisi, aliteremka akasimama nami langoni kulitazama lori likipakiwa. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika kuhusu wanaume wa langoni. Aliniuliza mama yule anakwenda wapi, na lile sanduku ni la nini hasa. Nilimweleza yote, bila kumpunguzia.

Alisogea, akakishika kikombe. Kisha akaniambia kwamba kwao Medellín, mji wa milimani Amerika ya Kusini, wageni walianza kuhamia mtaa wa bibi yake kwa kuwa uliwapendeza na kodi yake kwao ilikuwa rahisi. Walikuwa watu wema, walisalimia, walinunua maua. Lakini mwenye nyumba alitaka wapangaji wa namna hiyo, na bibi yake akahamia pembeni ya mji, mbali na kanisa lake na rafiki zake. "Nikawachukia watu wale," alisema. "Na sasa nimekuja hapa, nimekuwa wao. Sikujitambua."

"Bado upo," nilimjibu. "Yeye ndiye aliyekwenda. Kuna la kufanya kwa aliyebaki."

Sikusema zaidi, kwa kuwa mtu mzima hahitaji kufundishwa mara mbili. Kiangazi kile, alikuwa akiwaleta watoto wake nje kunisaidia kusugua kikombe na kupangusa koki. Wafagiaji wakawazoea watoto, na watoto wakajifunza kutoa salamu. Msimamizi alipita akiyaona hayo. Siku moja aligeuka, akanywa, akaendelea na safari yake. Nilimheshimu kwa hilo.

Kila Ijumaa simu yangu ililia kutoka Jeddah. Umm Saleh hakupoteza muda kwa salamu.

"Maji vipi?"

"Baridi, mama."

"Halas," alisema kila mara, akakata simu.

Ndivyo ilivyokuwa miaka yote iliyobaki ya kazi yangu. Mtambo ulikufa mara moja, tukaufufua kwa mchango wa madereva na wahandisi pamoja. Sabili haikukauka mikononi mwangu, na katika yote niliyoyafanya Arabuni hilo ndilo ninalolitaja nikiwa nimeinua kichwa.

Sasa niko nyumbani Taita, nimestaafu, nina vitabu vyangu na shamba dogo. Vijana hunijia kuuliza kuhusu mawakala na ikama, nami huwajibu. Lakini huwaambia pia kwamba popote mgeni anapoweka kitanda chake, kuna mtu aliyekuwa na kitanda pale kabla yake, na kuna kitu alichokiacha. Hatuwezi kila mara kumrudishia nafasi yake. Alichokiacha, hicho tunaweza kukitunza, na asiyekitunza hakuishi katika mji ule. Alilala humo tu.

Siku yangu ya mwisho Malaz nilimkabidhi Musyoka funguo, maana kafili alikubali achukue nafasi yangu. Nilimwachia na kiti. Nikambana juu ya chujio mpaka akaomba msamaha. Kisha nikabeba begi langu, nikatoka, na lango likafungwa nyuma yangu. Nilisimama ukutani, nikajaza kikombe.

"Mzee," Musyoka alisema kupitia matundu ya lango, "hiyo ni ya wapita njia."

"Ndiyo," nilimjibu, nikanywa mpaka mwisho.

Haikuwa Ijumaa, lakini nilimpigia Umm Saleh mimi mwenyewe.

"Maji vipi?" aliuliza.

"Baridi, mama. Nimeyanywa."

Nilisikia punje za tasbihi yake zikigongana.

"Basi umepita," alisema, na siku hiyo hakukata simu.