Niligoma kumwacha mwenzetu Mlima Rungwe, na mpaka leo sijaomba radhi

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mdau kwenye uzi wa jirani kaandika kwamba mlimani kauli ya kiongozi ni moja tu, anayebisha anahatarisha kundi zima. Watu wamempa like kibao.

Nimesoma, nikaweka simu chini, nikaichukua tena. Acha niweke ya kwangu. Chumvi sijatia, maana wengi tuliokuwa nao siku ile bado wapo, na najua mmoja wao yumo humu anasoma kimya kimya.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria ndiyo imefunguliwa. Mashirika ya umma yanauzwa, maduka ya ushirika yanafunga milango, kila mtu anajitafutia. Baba yangu alikuwa karani, akapunguzwa kazi. Mimi binti mbichi nikaingia sokoni Tukuyu kuuza mitumba, na ndiyo ikawa inalisha nyumba.

Basi ikaja kampuni ya utalii kutoka mjini. Jina silitaji, ilishakufa zamani. Walitafuta vijana wa hapa hapa ili wawafundishe kazi ya kuongoza wageni mlimani. Ajira ya mwezi kwa mwezi, wakuu. Nyumbani kwetu mama alifunga kuniombea.

Interview yenyewe ilikuwa kupanda Mlima Rungwe na kushuka siku hiyo hiyo. Anayefika kileleni na kundi, kapata. Anayeishia njiani, arudi kwao.

Tulikuwa kama kumi hivi. Wanawake wawili tu, mimi Mwanaidi na Tumpe wa Kawetele, mwimba kwaya, dada mwenye mwili wa kubeba gunia la viazi na kukusimulia habari huku amelibeba. Aliyetuongoza ni mwenye kampuni mwenyewe. Tulimwita Bosi. Alikuwa na buti za maana na koti la mvua, na alipenda kusema, "Mlima haumbembelezi mtu."

Tulianzia upande wa Isongole alfajiri. Mashamba ya viazi, kisha msitu, kisha mianzi.

Nisimame hapa kidogo. Kuna watu wanadhani baridi ya Tanzania iko Kilimanjaro tu. Njooni Isongole mwezi wa sita, mtaniambia. Unaosha uso asubuhi, vidole vinakataa kufunga kifungo cha shati.

Kwenye mianzi mvua ikatushika. Siyo kubwa, ile ya rasharasha isiyokata, inakuingia mpaka kwenye mifupa. Tulipotoka juu ya msitu tukakuta upepo na ukungu. Mtu akitangulia hatua chache tu humwoni, unasikia kikohozi chake.

Kulikuwa na kijana wa Masukulu, anaitwa Ambakisye. Mpole, mchangamfu, alianza safari akitutania wote. Kwao ni chini, kuna joto, akaja na shati na sweta jembamba la shule. Lote lililowa.

Nilikuwa nyuma yake. Nikaona anajikwaa pasipo na kitu. Nikamuuliza kama yuko sawa, akanijibu maneno yasiyounganika, kama mlevi. Mwanzo alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Baadaye akaacha kutetemeka, akakaa kwenye majani, akasema hasikii baridi tena, amechoka tu, anataka alale kidogo.

Mimi si daktari. Lakini mtu aliyelowa, kwenye upepo ule, anasema hasikii baridi tena? Nikaogopa.

Nikapiga kelele kundi lisimame. Bosi akarudi, akamtazama.

"Huyu amechoka tu. Mkalisheni nyuma ya lile jiwe, tutampitia wakati wa kushuka."

"Bosi, huyu hawezi kubaki peke yake."

"Binti, kilele hicho hapo juu. Mvua ikizidi hatufiki. Mimi ndiye kiongozi, nimesema abaki."

"Basi nitashuka naye."

Akanisogelea, sauti ameishusha. "Ukishuka, kazi huna. Nakwambia mbele ya wenzako wote wasikie."

Niliwatazama wenzangu. Kila mtu akawa anaangalia viatu vyake. Siwalaumu sana, kila mmoja aliacha shida yake nyumbani. Lakini sitasema kwamba sikuumia.

"Nimesikia, Bosi," nikamwambia. "Na mimi nasema mbele yao hao hao. Hapa simwachi."

Tumpe akavua kanga aliyojifunga kichwani, akaanza kuikamua. "Mimi nimekuja na Mwanaidi," akasema. "Nitashuka na Mwanaidi."

Bosi akageuka. Wengine wakamfuata, ukungu ukawafunika.

Tulimvua Ambakisye lile sweta, nikamvalisha koti langu la mtumba ambalo ndani lilikuwa bado kavu. Tukamweka katikati, mikono yake mabegani kwetu, tukaanza kushuka. Wakuu, kushusha mtu mzima asiye na miguu kwenye tope la msituni, acheni. Tulianguka sijui mara ngapi. Mimi nikiwa nimebaki na blauzi, baridi ikanihamia.

Kila Ambakisye alipotaka kufumba macho, Tumpe alimwimbisha nyimbo za kanisani. Akikosea maneno, Tumpe anamgombeza, "Anza upya, unaharibu sauti ya pili." Mimi Mwislamu, lakini nimekulia Tukuyu, jirani zangu wote Wakristo wa Moravian. Nikajikuta naimba na mimi. Mungu alijua tunamwitia nini.

Tulipotoka msituni nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja aliyekuwa anapalilia viazi. Hata salamu hatukumaliza. Alimwona Ambakisye tu, akatupa jembe, akatufungulia mlango wa jikoni.

"Mleteni kalibu na moto," akasema. "Balidi imemwingia huyu. Mvueni hiyo suluali, msinionee aibu, nimezaa."

Akamfunga mablanketi, akamnywesha chai ya moto kidogo kidogo kwa kijiko. Kikombe cha kwanza kikaisha, akamimina cha pili. Kisha Ambakisye akaanza kutetemeka tena, na bibi akatuambia sasa tushukuru, mwili umeanza kupata joto.

Alipopata akili akatutazama, akauliza, "Kwani tumefika kileleni?"

Tumpe alicheka mpaka akalia. Kisha akalia kweli.

Mchana kundi likashuka. Bosi akachungulia mlangoni, akamwona Ambakisye ameshika kikombe.

"Mnaona? Mzima kabisa. Mngemwacha tungempitia."

"Ni mzima kwa sababu yuko hapa," nikamjibu.

Akaondoka bila kuaga mwenye nyumba.

Siku ya soko iliyofuata akaja kwenye meza yangu, wateja wapo. Akasema amefikiria, mimi nina moyo, ananifaa. Kazi ipo. Sharti ni moja, niende mbele ya vijana aliowachukua niseme nilikosea kuvunja amri, ili na wao wasije wakajifunza hivyo.

Mama alikuwa pembeni yangu. Akaninong'oneza, "Kubali mwanangu. Neno tu hilo, halikutoi damu."

Nilijua nyumbani kuna nini jikoni. Nilijua kabisa. Lakini nilimwona tena Ambakisye amekaa kwenye yale majani, nikajua nikisema nilikosea nitakuwa nimemrudisha pale.

"Bosi," nikasema, "nikiongoza wageni wako, mmoja akianguka, nitafanya vile vile. Kwa hiyo usinichukue."

Akaenda zake. Mama hakusema nami mpaka kesho yake, aliponiletea chai mezani na kukaa kunisaidia kupanga nguo.

Kazi ya mlima sikuipata, wala sijawahi kuipata. Niliendelea na marobota yangu ya mitumba, nikasomeshea wadogo zangu. Tumpe naye aliendelea na viazi vyake. Msitafute mwisho mtamu wa kunilipa, haupo. Ambakisye ni fundi seremala huko Masukulu, ana wajukuu, na hajui kuimba mpaka leo.

Nilichojifunza ni hiki. Kiongozi anaweza kuwa na buti, koti na mamlaka ya kukupa au kukunyima mkate, na bado akawa amekosea. Utii una mahali pake. Pale haukuwa mahali pake.

Uwanja ni wenu, wakuu. Mnaosema nilivunja utaratibu andikeni tu, nitawajibu wote. Ila kabla hujaandika, jibu kwanza swali dogo: ungekuwa wewe uliyekalishwa nyuma ya lile jiwe, ungependa nimtii nani?